Atumaye, Atumiaye na Atumikiwaye: Lugha ya Kazi za Watoto katika Nchi ya Chai

Utangulizi

Mtoto wa miaka 12 asipoonekana darasani katika eneo la Kipkelion, kaunti ya Kericho, sentensi tatu husikika juu yake. Jirani husema, "Ameacha shule." Mzazi husema, "Anamsaidia mama yake kuchuma chai." Naye msemaji rasmi, katika redio au katika hotuba ya siku ya kuadhimisha haki za watoto, husema, "Watoto wanatumikishwa."

Sentensi zote tatu ni sahihi kisarufi, na kila moja yaweza kuwa ya kweli. Hata hivyo, zikisomwa kwa makini yale yale ambayo mhakiki huyatumia kusomea riwaya au tamthilia, hudhihirika kwamba zinafanana kwa jambo moja: hakuna hata moja inayomtaja mtu mzima wa kuulizwa. Katika sentensi ya kwanza mtenda ni mtoto mwenyewe. Yeye ndiye aliyeacha, kana kwamba shule ilikuwa imemshika mkono naye akauchomoa. Katika ya pili kazi imegeuzwa kuwa wema, na wema hauna mshitakiwa. Katika ya tatu kosa limekiriwa waziwazi, lakini kitenzi kimewekwa katika kauli ya kutendwa na mtenda wake hakutajwa. Wanatumikishwa na nani? Sentensi haisemi, na mara nyingi wasikilizaji hawaulizi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali la uwajibikaji kuhusu kazi za watoto hufichwa katika lugha kabla halijafichwa katika shamba. Aidha, yanadai kwamba Kiswahili kina njia ya kulifichua swali hilo, na kwamba njia hiyo imo katika mnyambuliko wa kitenzi kimoja ambacho kila mzungumzaji anakijua. Mifano imetolewa katika nchi ya chai ya Kericho, kwa sababu huko historia, sheria na mizani ya kilo hukutana mahali pamoja.

Mahali na majina yake

Kipkelion iko kaskazini mashariki mwa mji wa Kericho, kando ya reli iliyofika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Katika ramani na ratiba za reli za wakoloni kituo chake kiliitwa Lumbwa. Lumbwa ni jina ambalo Wakipsigis walipewa na wengine, na serikali ya kikoloni ikalitumia katika maandishi yake kama kwamba ndilo jina lao. Jina la kituo limebadilika, lakini funzo lake linabaki: aliye na kalamu humwita mwenzake apendavyo, na jina hilo huingia katika daftari.

Ardhi iliyo kusini mwa hapo ilipata majina mapya vile vile. Baada ya Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, maelfu ya ekari za Kericho zilitengwa kwa ajili ya maafisa Waingereza waliolemaa vitani, ili walime kitani. Mpango huo ulishindwa katika muda wa miaka michache bei ya kitani ilipoanguka, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai yakaingia. Chai ilihitaji mikono mingi. Haichumwi mara moja kwa mwaka kama mahindi. Kichaka kile kile hurudiwa kila baada ya siku chache, majani mawili na chipukizi lake, mwaka mzima. Wafanyakazi walitoka mbali na karibu, na miongoni mwao walikuwamo watoto.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Walter Edwin Owen, kasisi wa Kianglikana katika Nyanza aliyejulikana kwa kutetea haki za Waafrika, alilipinga jambo hilo hadharani hadi likasomwa katika magazeti ya Uingereza. Mwaka 1938 serikali ya koloni ikaunda kamati ya kuchunguza ajira ya vijana. Hoja zilizotolewa na watetezi wa kazi za watoto katika makoloni ya Kiingereza zinajulikana: kazi ni nyepesi, hewa ni safi, vidole vidogo vinafaa, na mtoto hupata senti za kujinunulia nguo. Ni muhimu kutambua kwamba hoja hizo zote zilihusu mtoto na kazi. Hakuna iliyomhusu anayepata faida.

Lugha ya mashamba hayo ya walowezi nayo inastahili kuchunguzwa. Mlowezi alilichukua neno "mtoto", akalikata kiambishi awali, akabaki na "toto". Mtoto wa jikoni, mtoto wa bustani, mtoto wa kuchunga, wote waliitwa hivyo, na neno hilo likadumu katika Kiingereza cha Kenya hata likawa sehemu ya jina la filamu ya mwaka 1987 iliyotengenezwa na Harry Hook. Mtaalamu wa sarufi ataona lililotendeka. Kwa kuondolewa m-, mtoto alitolewa katika ngeli ya watu. Umbo lililobaki, "toto", kwa Mswahili ni umbo la ukubwa, yaani mtoto mkubwa kupita kiasi. Wakati huo huo mtumishi mwanamume mwenye mke na wana wake aliitwa "boi", yaani mvulana. Hivyo katika lugha ya bwana mmoja, mtoto alikuzwa kwa umbo la neno na mtu mzima akadogoshwa kwa maana ya neno, hata wakalingana. Palipo na usawa wa namna hiyo haiwezekani kuuliza kama mfanyakazi fulani ni mdogo mno kwa kazi yake, kwa sababu msamiati wa kuulizia umeharibiwa.

Istilahi za leo

Yafaa kuuliza kama istilahi zinazotumika leo ni bora zaidi. Tatu zimeenea: "kazi za watoto", "ajira ya watoto" na "utumikishwaji wa watoto".

Ya kwanza ina utata. Kuteka maji, kufagia uwanja na kuwarudisha ndama zizini ni kazi za watoto pia, na hakuna jamii ya Afrika ya Mashariki inayoziona kuwa kosa. Ya pili, "ajira", inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ujira, na huandamana na mwajiri, mwajiriwa na mapatano baina yao. Kulitumia kwa mtoto wa miaka 10 ni kumpa uwezo wa kufunga mkataba ambao hata sheria inamnyima. Isitoshe, watoto wengi wanaochuma chai au kahawa hawapokei ujira wowote mikononi mwao, kwa hiyo mwenye shamba aweza kusema kwa kinywa kipana kwamba hakumwajiri mtoto yeyote, na kwa maana ya neno hilo akawa amesema kweli.

Istilahi ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi, na ndiyo inayostahili uchambuzi wa ndani. "Utumikishwaji" umejengwa juu ya mzizi -tum-, na mzizi huo umezaa ukoo mkubwa: tuma, tumwa, tumia, tumika, tumikia, tumikiwa, tumikisha, tumikishwa; na majina mtume, mtumwa, mtumishi, utumishi, utumwa, matumizi. Mtumwa, kwa umbo la neno lenyewe, ni yule aliyetumwa. Palipo na mtumwa pana aliyetuma. Neno halikubali kusimama peke yake.

Lakini "utumikishwaji" ni jina lililoundwa kutoka katika kauli ya kutendwa, na majina ya namna hii yana tabia moja inayowafaa waandishi wa ripoti: yanaweza kuwa kiima cha sentensi ndefu bila mtu yeyote kutajwa. "Utumikishwaji wa watoto umeongezeka." "Utumikishwaji wa watoto upigwe vita." Uovu umepata mwili na miguu yake, unaongezeka wenyewe na kupigwa vita wenyewe, nao watu waliotumikisha wameketi kando wakisikiliza hotuba.

Dawa ya kasoro hiyo imo katika mzizi ule ule. Kauli tatu za kitenzi hicho zinataja watu watatu mbalimbali: atumaye, atumiaye, na atumikiwaye. Wa kwanza ndiye anayemwambia mtoto "nenda". Wa pili ndiye anayeipata nguvu ya mtoto mahali pa kazi. Wa tatu ndiye ambaye mwisho wa yote kazi hiyo inamfaa, hata kama hajamwona mtoto wala shamba. Mjadala wa uwajibikaji katika Afrika ya Mashariki umemshughulikia sana wa kwanza, kidogo wa pili, na kwa nadra sana wa tatu.

Mizani ya majani

Chukua mfano wa shamba dogo la chai katika sehemu za juu za Kericho. Wakulima wa namna hii waliwekewa chombo chao, Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, mwaka 1964, nacho kikabinafsishwa mwaka 2000. Leo ni zaidi ya nusu milioni katika nchi nzima. Mkulima ana namba yake. Majani hupelekwa katika kituo cha kununulia, karani huyapima, na kilo huandikwa dhidi ya namba hiyo. Malipo huja kila mwezi, na baada ya mwaka huja bonasi. Kama mkulima amemwajiri mchumaji, humlipa mchumaji huyo kwa kilo.

Sasa mchumaji ni mama, naye amekuja na binti yake. Mama ana kikapu kikubwa, binti ana kidogo. Jioni vikapu viwili humiminwa katika gunia moja. Daftari la karani lina namba ya mkulima, tarehe na kilo. Kilo hazina umri. Mhakiki akilisoma daftari hilo kama matini, atakuta kwamba ni matini ya kweli, iliyoandikwa kwa uaminifu, na kwamba haina nafasi ambamo binti huyo angeweza kuonekana. Mkulima atasema kwamba alimlipa mama tu. Mama atasema kwamba mtoto alimsaidia. Kiwanda kitasema kwamba kilinunua majani ya mkulima. Mnunuzi katika mnada wa Mombasa atasema kwamba alinunua chai ya kiwanda. Kila mmoja amesema kweli kwa kadiri ya ukurasa ulio mbele yake.

Hapa ndipo malipo ya kilo yanapofanya kazi ambayo hakuna mtu mmoja anayeifanya. Bei ya kilo ikiwa ndogo kiasi kwamba mikono miwili ya mama haitoshi kulisha nyumba kwa siku, bei yenyewe imeshamwita mtoto. Haikutamka "nenda", lakini imemtuma. Kumlaumu mama peke yake katika hali hiyo ni kuwalaumu watu kwa mpangilio wa uchumi ambao hawakuupanga.

Mhalifu mwenye sura

Fasihi ya Kiswahili imelitazamaje suala hili? Jibu kamili lingehitaji kitabu, lakini kazi tatu zinazojulikana sana zinatosha kuonyesha mwelekeo.

Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Adam Shafi Adam anamchora Kijakazi, mtumishi wa nyumba ya kabaila wa Unguja kabla ya Mapinduzi ya 1964. Jina lake ni kazi yake. Kijakazi ni mjakazi katika umbo la udogo, na mhusika huyu hubaki na ki- hiyo ya udogo hata akiwa mtu mzima. Miaka inakwenda, jina halikui. Mwandishi anaonyesha wazi ni nani atumiaye na ni nani atumikiwaye, kwa kuwa katika kasri watu hao wawili ni mtu mmoja, naye ameketi kitini.

Katika Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, riwaya iliyosomwa na wanafunzi wengi wa shule za sekondari nchini Kenya, Sauna, mtumishi wa nyumbani, anawaiba watoto wa nyumba anayoitumikia na kuwafikisha kwa mwanamke afanyaye biashara ya watoto. Msomaji anapata mhalifu mwenye sura na jina, na hasira yake inapata pa kutua. Ubora wa riwaya hiyo ni kwamba haikomei hapo: Sauna naye amedhulumiwa utotoni, na aliye mtenda leo alikuwa mtendwa jana. Hata hivyo, darasani swali la mtihani huelekea kuuliza juu ya tabia za Sauna, na jibu huelekea kuwa orodha ya sifa zake mbaya. Hivyo kisa cha kijamii kinarejeshwa kuwa kisa cha mtu mwovu.

Kuli (1979), ya Adam Shafi pia, inakwenda mbali zaidi ya zote mbili. Rashidi ni mwana wa kuli aliyefia kazini bandarini Unguja, naye mwenyewe anaishia kubeba mizigo pale pale. Hakuna mwizi wa watoto katika kisa hiki. Hakuna mzazi katili. Urithi wa pekee ambao bandari imemwachia mwana wa kuli ni ukuli. Riwaya inamfikisha msomaji kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948, na kwa njia hiyo inamlazimisha kumtazama atumikiwaye: makampuni, forodha, na serikali iliyoyalinda.

Mtoto wa Kipkelion anafanana na Rashidi kuliko watoto walioibwa na Sauna. Hakuna aliyemteka. Anatembea kwa miguu yake kwenda shambani, mara nyingi nyuma ya mama yake anayempenda. Fasihi inayotafuta mhalifu mwenye sura haiwezi kumwona, kwa maana katika kisa chake hakuna mtu wa kuchukiwa. Katika riwaya zinazofundishwa sana, jikoni, mjini na bandarini wapo watoto wanaofanya kazi. Safu za chai bado zinamngoja mwandishi wake.

Methali nazo zinahitaji kusomwa upya. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" ni methali ya hekima, lakini katika vikao vya kujadili watoto wasiosoma imekuwa fimbo ya kumpigia mtu mmoja. Inasahaulika kwamba methali hiyo ina watendaji wawili. Ulimwengu nao umetajwa, na ulimwengu unafunza. Ni haki kuuliza unafunza nini, na kwa faida ya nani.

Sheria na vitenzi vyake

Sheria za Kenya juu ya jambo hili si chache. Mwaka 1979 nchi iliridhia Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, kuhusu umri wa chini wa kuajiriwa, na mwaka 2001 ikaridhia ule wa namba 182, wa mwaka 1999, kuhusu aina mbaya kabisa za kazi za watoto. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na kuruhusu kazi nyepesi tu kwa aliye kati ya miaka 13 na 16. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamfanya mzazi asiyempeleka mtoto wake shuleni kuwa mkosaji. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 1998/99 ulikuwa umekadiria kwamba watoto milioni 1.9 wa umri wa miaka 5 hadi 17 walikuwa wakifanya kazi. Sheria hizi hazikutungwa dhidi ya kivuli.

Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kazi za hatari na za unyonyaji. Kitenzi kimekaa tena katika kauli ya kutendwa: kulindwa. Ni lazima msomaji mwadilifu akumbuke kwamba mtenda yumo katika ibara nyingine, kwa kuwa Ibara ya 21 inaitaja Serikali na kila chombo chake kuwa ndio wenye wajibu wa kuheshimu na kulinda haki hizo. Lakini mwananchi anayesomewa Ibara ya 53 peke yake, kama inavyofanyika mara nyingi katika mikutano, anaondoka na haki isiyo na mdaiwa.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba vitenzi vya sheria hizi vinamfikia atumaye, yaani mzazi, na atumiaye, yaani mwajiri. Atumikiwaye hayumo. Mkataba namba 138 wenyewe unatoa mfano mzuri wa jinsi neno moja linavyoweza kufungua au kufunga mlango. Nchi zinazoanza kwa kuutumia katika sekta chache tu zinatakiwa zisiache mashamba yanayozalisha hasa kwa ajili ya biashara, isipokuwa yale ya familia na madogo, yanayozalisha kwa matumizi ya wenyeji na yasiyo na vibarua wa kudumu. Husikika ikisemwa kwamba shamba la chai la ekari moja ni shamba la familia, na kwa hiyo ni jambo la ndani ya nyumba. Lakini chai si chakula cha wenyeji. Sehemu kubwa kabisa ya chai ya Kenya husafirishwa ng'ambo. Mtoto akichuma mboga za jioni, anaisaidia nyumba. Akichuma chai, hata katika shamba la baba yake, anaitumikia meza iliyo mbali sana na Kipkelion. Neno "familia" lisiruhusiwe kuufunika umbali huo.

Katika miaka ya karibuni kumekuwa na juhudi za kumfikia atumikiwaye. Ujerumani, kwa mfano, ilianza kutumia Januari 2023 sheria inayoyataka makampuni makubwa yachunguze kama kuna kazi za watoto katika njia za ununuzi wa bidhaa zao. Hatua ya namna hiyo ni njema kwa msingi wake, lakini ina hatari moja. Mnunuzi anaweza kujitakasa kwa kulifuta shamba katika orodha yake badala ya kuongeza bei ya majani. Akifanya hivyo, mikono yake imekuwa safi, na mama wa mfano uliotangulia amepoteza hata kilo alizokuwa nazo. Uwajibikaji unaoishia katika kuondoka si uwajibikaji.

Hoja mbili za kupinga

Hoja ya kwanza inatoka katika utamaduni. Kazi, husemwa, ndiyo shule ya kwanza ya Mwafrika. Mtoto wa Kikipsigis alijifunza kwa kuchunga, na samaki hukunjwa angali mbichi. Hoja hii ina ukweli, na mtu aliyesomea ng'ambo akarudi na dharau juu ya kazi ya mikono hana haki ya kuipuuza. Lakini kazi ya malezi ina alama zake. Ilikua pamoja na mtoto: ndama kwanza, ng'ombe baadaye. Ilimfundisha kazi ambayo siku moja ingekuwa mali yake, kwa kuwa kundi alilolichunga ndilo ambalo angerithi sehemu yake. Aliyemtuma alikuwa ndiye atakayemwozesha. Kwa maneno mengine, atumaye, atumiaye na atumikiwaye walikuwa ndani ya kokwet moja, na mtoto mwenyewe alikuwa mmoja wa wanaotumikiwa. Kuchuma chai ya kuuzwa kwa kilo hakuna alama hata moja kati ya hizo. Anayeitetea kazi ya soko kwa hoja ya kazi ya malezi amekopa heshima ya jambo moja akaivisha jambo lingine.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi hutolewa na watoto wenyewe. Tangu zamani za ukoloni wapo waliotoroka makwao kwenda kwenye chai, wakitafuta fedha zao na uhuru wao. Leo yupo anayechuma wakati wa likizo ili apate sare na madaftari. Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2003, lakini sare haikuondolewa, wala viatu, wala michango isiyokwisha. Mtoto huyo hafanyi kazi badala ya shule. Anafanya kazi ili asome. Kumkataza bila kumpa sare ni kumfukuza shuleni kwa jina la kumwokoa.

Hoja hii haiwezi kujibiwa kwa sheria ya umri peke yake. Inajibiwa kwa kurudi kwenye maswali matatu: ni nani aliyemtuma? Ni nani anayemtumia? Ni nani anayetumikiwa? Mtoto anayechuma ili anunue sare ametumwa na nani? Mama yake huenda alimkataza. Karani hakumwita. Aliyemtuma ni shule inayomrudisha nyumbani kwa kukosa sare, na nyuma ya shule ipo Serikali iliyotangaza elimu bila malipo ikaacha mlango nusu wazi. Hapa atumaye ametambuliwa, naye hakuwa miongoni mwa waliokuwa wakishitakiwa.

Hitimisho

Kazi za watoto zina wawajibikaji wengi, lakini wingi wao si sababu ya kutokuwapo hata mmoja. Kipimo kinachopendekezwa hapa ni chepesi kukitamka na kigumu kukikubali: lawama ya kila mmoja ifuate uwezo wake wa kubadilisha hali, wala si ukaribu wake na mtoto. Mama yuko karibu kuliko wote na uwezo wake ni mdogo kuliko wa wote. Mwenye shamba ana uwezo zaidi, kwa kuwa anaweza kumkataza mtoto na bado akamlipa mama malipo ya kumtosha. Kiwanda na mnunuzi wana uwezo juu ya bei. Serikali ina uwezo juu ya sare, chakula cha mchana na ukaguzi. Mpaka sasa ngazi ya lawama imesimamishwa kichwa chini.

Idara za lugha zina sehemu yao katika kuigeuza. Ndizo zinazofasiri sheria, zinazohakiki vitabu vya shule, zinazowafunza watangazaji na walimu. Si jambo kubwa kumwagiza mwanafunzi anayeandika "watoto wanatumikishwa" aikamilishe sentensi yake kwa "na" ya mtenda. Si jambo kubwa kumfunza mwalimu asiandike katika daftari la mahudhurio kwamba mtoto "ameacha shule" kabla hajauliza kama shule ndiyo iliyomwacha. Mwanafunzi atakayejaribu ataona kwamba sentensi hiyo ni ngumu kuimaliza, kwa kuwa baada ya "na" itambidi achague jina, na jina atakalolichagua huenda likawa la mtu anayemheshimu.

Katika kituo cha kununulia majani, jioni, gunia huwekwa juu ya mizani na kilo husomwa kwa sauti. Karani huandika namba moja. Vikapu vilikuwa viwili.